Ufundi wa miaka miwili au shahada? Namna ya kuamua ukiwa Tabora

Mwezi Februari baba mmoja alinifuata shuleni akitokea Uyui, amempakia binti yake nyuma ya baiskeli. Mkononi alikuwa na karatasi ya matokeo ya Kidato cha Nne iliyochapwa steshenari, imekunjwa mara nne. Daraja la Tatu, pointi 24. Alikuwa na C nne: Fizikia, Jiografia, Kiswahili na Kiingereza. Alikuwa na D tatu: Hisabati, Kemia na Biolojia. Baba akaniuliza kama wazazi wengi wanavyouliza: "Mwalimu, huyu nimpeleke VETA ashike kazi mapema, au nikaze aende Kidato cha Tano hadi chuo kikuu?" Binti hakusema kitu. Nilipomuuliza yeye, alijibu kwa sauti ndogo kwamba anataka umeme.

Nimefanya ushauri wa wanafunzi kwa miaka mingi hapa Tabora, na jambo ninalotaka kila familia ilisikie kabla ya kuuza gunia hata moja ni hili. Swali la "ufundi au shahada" limekaa vibaya. Ulizeni hivi: karatasi ipi inamfikisha mtoto kwenye kazi anayoitaka, inamwachia nafasi ya kupanda baadaye, na haiangushi nyumba katikati ya safari? Jibu linaweza kuwa chuo kikuu. Linaweza kuwa VETA, yaani chuo cha ufundi stadi. Kwa huyu binti halikuwa VETA wala Kidato cha Tano, na nitaeleza kwa nini.

Hatua ya kwanza: soma cheti somo kwa somo

Familia nyingi zinasoma daraja tu. "Kapata Three, anaenda Advance." Daraja linasema machache sana. Chukua kalamu, andika kila somo na alama yake, kisha jiulize kila njia inadai masomo gani.

Kwenda Kidato cha Tano cha serikali, mtoto anahitaji C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu, bila kuhesabu masomo ya dini, na pointi zisizozidi 25. Lakini hayo ni ya mlangoni tu. Kinachoamua maisha yake ni tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo atakayosoma, kwa sababu tahasusi inataka alama nzuri katika masomo yake yenyewe.

Tukarudi kwa binti wa Uyui. Kwa C zake nne angeweza kuchaguliwa Kidato cha Tano, naam, lakini zaidi kwa masomo ya sanaa. Kwa D ya Hisabati na D ya Kemia, tahasusi za sayansi zinazompeleka mtu kwenye uhandisi zilikuwa ngumu mno kwake kuzipata. Maana yake, ile njia ambayo baba aliiona ndefu na ya heshima ingeweza kumtoa mtoto kabisa kwenye umeme. Kwa sanaa angemaliza Kidato cha Sita, angeingia chuo kikuu, angevaa joho, na asingekuwa mhandisi.

Upande wa pili kuna astashahada ya ufundi katika vyuo kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) au Chuo cha Ufundi Arusha. Kuingia ngazi hiyo kwa kawaida kunataka ufaulu wa D au zaidi katika masomo manne, na kwa kozi za umeme vyuo hutaka Hisabati na Fizikia ziwemo. Hizo anazo. Akimaliza stashahada kwa GPA ya 3.0 au zaidi, na ana ule ufaulu wa masomo manne wa Kidato cha Nne, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inamtambua kama mwombaji wa shahada. Kwa maneno mengine, njia ya kwenda kwenye uhandisi ilikuwa inapita kwenye ufundi. Baba alinyamaza muda mrefu niliposema hivyo.

Kwa aliyemaliza Kidato cha Sita, kipimo ni kingine. TCU inataka ufaulu mkuu katika masomo mawili, jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ukihesabu A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hicho ni kiwango cha chini cha nchi nzima. Kila kozi ina masharti yake juu ya hapo, nayo yamo kwenye mwongozo wa udahili ambao TCU huutoa kila mwaka. Usisome mwongozo wa mwaka jana wa kaka yako.

Hatua ya pili: jua karatasi kwa majina yake

Hapa ndipo watu wanapopotea. Mtu anasema "nasomea cheti" bila kujua ni cheti cha namna gani, na miaka mitatu baadaye anagundua hakimpandishi popote.

Vyeti vya ufundi stadi, vile vya VETA, huitwa NVA na vina madaraja matatu, la I hadi la III. Kila daraja ni kama mwaka mmoja. Hizi ni karatasi za fundi stadi: mtu anayefunga nyaya, anayechomelea, anayejenga, anayeshona. Juu ya hapo kuna ngazi za NTA. Ya 4 na ya 5 ni za astashahada, ya 6 ni stashahada ya kawaida, ya 8 ni shahada ya kwanza. Mwenye stashahada ya uhandisi ni fundi sanifu, mwenye shahada ni mhandisi, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi husajili hao wote wawili. NVA na NTA zote ziko chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi lililokuwa likiitwa NACTE hadi mwaka 2021.

Kati ya ngazi hizo mbili kuna daraja la kuvukia. Mwenye NVA III anaweza kupokelewa kwenye astashahada za ufundi, hata pale ambapo D zake za Kidato cha Nne hazifiki nne, kutegemea chuo na kozi. Anayeishia NVA I hana pa kuvukia. Kwa hiyo mtoto akienda VETA, nia iwe kufika la III hata kama atasimama katikati kufanya kazi. Akikusanya hela ya mwaka mmoja kisha akarudi, si aibu. Nimeona wengi wakifanya hivyo na wanarudi wakiwa wanajua wanachokitafuta.

Ipo pia kozi fupi ya wiki kadhaa au miezi michache. Hiyo ni nzuri kwa mtu mwenye kazi tayari anayeongeza ujuzi. Kama ndiyo elimu yote ya kijana wa miaka 17, ni nyembamba mno.

Hatua ya tatu: hesabu miaka, halafu hesabu kusubiri

Tuchukulie vijana wawili waliomaliza Kidato cha Nne Novemba 2024. Wa kwanza anaingia VETA Januari 2025, anamaliza NVA II mwisho wa 2026, anaanza kazi 2027. Wa pili anaingia Kidato cha Tano Julai 2025, anafanya mtihani wa Kidato cha Sita Mei 2027, anapitia mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), anaingia chuo kikuu karibu Oktoba 2027, na kwa kozi ya miaka mitatu anamaliza katikati ya 2030. Tofauti yao ni miaka mitatu na nusu ya kipato.

Sasa weka namba. Hizi ni za mfano tu, weka za mtaani kwako. Tuseme fundi anabaki na 250,000 kwa mwezi wa kazi, lakini kazi haiji kila mwezi, anapata miezi minane kwa mwaka. Katika miaka mitatu na nusu ameingiza 7,000,000. Mhitimu akiajiriwa siku ileile kwa mshahara wa msingi wa 800,000, mkopo wa chuo unakata asilimia 15, yaani 120,000. Anabaki na 680,000 kabla ya kodi na makato mengine. Wastani wa fundi kwa mwezi ukiugawanya mwaka mzima ni kama 167,000. Mhitimu atafidia zile milioni saba kwa miezi kama 14.

Hapo shahada inaonekana imeshinda, na ndivyo wazazi wengi wanavyopiga hesabu. Lakini ongeza miaka mitatu ya kukaa nyumbani ukisubiri ajira. Fundi anaongeza 6,000,000 nyingine na pengo linakuwa milioni 13. Kulifidia sasa kunachukua zaidi ya miaka miwili ya mshahara, baada ya miaka mitatu ya kula kwa mama.

Mimi mwenyewe nilipomaliza ualimu nilisubiri. Nilifundisha kwa kujitolea, nikalima mpunga, nikaona aibu kuomba hela ya sabuni kwa mdogo wangu aliyekuwa anatengeneza pikipiki pale Kiloleni. Hakuwahi kunisema, na wema wake huo sitausahau. Nilipoajiriwa, makato ya mkopo yalianza na mshahara wa kwanza. Sijutii shahada yangu hata kidogo, naipenda kazi hii. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyenikalisha chini akaniambia kusubiri ni sehemu ya gharama.

Basi namba mbili zinazoamua hesabu yako ni hizi: wahitimu wa fani unayoitaka wanakaa muda gani kabla ya kazi, na mafundi wa fani unayoitaka wanakosa kazi miezi mingapi kwa mwaka. Usiulize chuo. Nenda kwa watu watano waliomaliza miaka miwili au mitatu iliyopita, uwaulize wao.

Hatua ya nne: linganisha ada na msimu wa nyumba yenu

Kwa nyumba ya mshahara hili halina uzito. Kwa nyumba ya mkulima wa tumbaku ndilo linalovunja masomo ya watoto.

Fedha ya tumbaku huja baada ya masoko kufunguliwa, kuanzia Aprili au Mei hivi, nayo hukatwa pembejeo kwanza. Januari na Februari nyumba iko kwenye kuvuna na kukausha, mfukoni hakuna kitu. VETA inaanza Januari. Vyuo vikuu na vyuo vingi vya kati vinaanza Septemba hadi Novemba, wakati fedha imeshaingia na mara nyingi imeshaanza kuyeyuka. Kwa hiyo anayelenga VETA aweke ada pembeni tangu Agosti, na anayelenga Oktoba asisubiri Oktoba.

Ada ya VETA yenyewe si ya kutisha. Kwa miaka kadhaa imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wanaosoma kutwa na 120,000 kwa wa bweni, kwa kozi ndefu. Kinachoumiza ni vinavyofuatana nayo: sare, viatu vya kazi, vifaa vya mafunzo, nauli, na chumba kama bweni limejaa. Omba fomu ya kujiunga mapema, ina orodha yote. Tena fomu za VETA kwa kawaida hutoka na kufungwa kabla matokeo ya Kidato cha Nne hayajatoka. Huyu binti alikosa dirisha hilo kwa sababu walikuwa wanasubiri matokeo. Kuomba hakumfungi mtu, atakayechaguliwa kwingine ataiacha nafasi.

Kwa shahada, kodi na chakula ndivyo vinavyokula zaidi ya ada. Ndiyo maana nawaambia wazazi wa hapa mjini watazame kwanza kilichopo karibu. Tuna chuo kikuu kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo (AMUCTA), tuna kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma ambayo wazee bado wanaiita Uhazili, na Chuo Kikuu Huria kina kituo chake mkoani. Mtoto anayelala Isevya na kula kwao anaokoa fedha nyingi kuliko punguzo lolote la ada.

Hatua ya tano: mpeleke akaione kazi

Wiki mbili zinatosha. Kama anataka umeme, akae na fundi umeme anayefanya nyumba za watu. Apande darini mchana wa Oktoba, joto la Tabora mnalijua. Achimbie waya wa ardhini. Aone mteja anavyozungusha malipo. Kama anataka uuguzi, aombewe nafasi ya kukaa na mtu wa zahanati. Kama anataka sheria, akakae mahakama ya mwanzo asubuhi nzima, kesi zinasikilizwa hadharani.

Nimewaona vijana waliolilia ufundi magari wakagundua siku ya nne kwamba walipenda magari, si ufundi. Na nimemwona mwingine, mwana wa mwalimu, aliyelazimishwa uhasibu akiwa na mikono ya dhahabu ya useremala. Alimaliza shahada. Leo anatengeneza makabati Chemchem na anasema anadaiwa na Bodi ya Mikopo kwa ajili ya kitu ambacho hajawahi kukitumia siku moja.

Wakati wa wiki hizo mbili kijana aandike bei za vifaa. Fundi asiye na vifaa ni kibarua wa fundi mwenzake. Plaizi, tesita, mita ya kupimia umeme, drili, ngazi: kila kimoja kiandikwe na bei ya dukani, na jumla yake iingie kwenye bajeti ya masomo tangu mwanzo.

Hatua ya sita: tazama fani inadai nini kisheria

Kuna kazi ambazo hazina mjadala. Huwezi kuwa daktari bila shahada ya miaka mitano na mwaka wa utarajali. Wakili hawezi kukwepa shahada ya sheria na mafunzo ya uwakili baada yake. Mtoto mwenye alama na moyo wa hizo, kazeni.

Kuna nyingine ambazo cheti cha kati kinatosha kuanza kazi ya heshima kabisa. Tabibu huanza na stashahada ya miaka mitatu. Muuguzi vilevile. Kwenye umeme, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutoa leseni za ufungaji kwa madaraja kulingana na elimu na uzoefu, kwa hiyo fundi stadi ana daraja lake na mhandisi ana lake. Fundi mwenye leseni anaweza kufunga nyumba kihalali, asiye nayo anafanya kazi kwa jina la mwingine na kugawana naye malipo.

Na hapa kwetu kuna vyuo ambavyo sielewi kwa nini watoto wetu wanavipita kama hawavioni. Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko Tabora hapahapa, katikati ya miombo inayotoa asali inayosifika nchi nzima. Kipo cha kilimo Tumbi. Kipo cha Reli. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, na sasa ya kisasa inajengwa kupitia hapa, ikiwemo kipande cha Tabora hadi Kigoma cha kilomita 506 ambacho mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Ila niseme kwa uzito: usichague fani kwa ajili ya mradi mmoja. Ujenzi unaisha. Mabomba ya mafuta ghafi yaliwekwa tabaka la kutunza joto pale Sojo, Nzega, na kazi ya namna hiyo ina mwisho wake. Uchomeleaji unabaki na wewe popote, lakini lazima uwe mchomeleaji mwenye cheti, si mtu aliyewahi kushika taa ya kuchomelea mradini.

Hatua ya saba: hakikisha chuo kimesajiliwa

Kabla ya kutuma senti, fungua tovuti ya NACTVET au ya TCU, tafuta jina la chuo, kisha tafuta na kozi yenyewe. Chuo kinaweza kusajiliwa na kozi ikawa bado. Jirani yangu aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya chuo kilichomwahidi binti yake stashahada ya afya, na mwaka wa pili ikajulikana kozi ile haitambuliki. Ng'ombe hawakurudi. Kuangalia tovuti kungemchukua dakika kumi.

Hatua ya nane: mikopo

Bodi ya Mikopo (HESLB) inajulikana kwa shahada, lakini tangu mwaka wa masomo 2023/2024 inatoa pia kwa stashahada katika fani za kipaumbele. Mwombaji anahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na yatima anahitaji cha kifo cha mzazi. Uhakiki huo ndio unaokwamisha wengi wa vijijini, kwa sababu jina la kwenye cheti cha kuzaliwa halifanani na la shuleni. Anza kuusahihisha akiwa Kidato cha Tatu, si wiki ya mwisho. Na mtoto aelewe tangu mwanzo kwamba bumu, yaani hela ya mkopo, si zawadi: akiajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe.

Kwa upande wa fundi, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarejea 2024. Hutolewa kwa vikundi, kwa hiyo vijana wanaomaliza VETA pamoja wasajili kikundi mapema kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mikopo hiyo ndiyo inayoweza kununua mashine ya kuchomelea au cherehani.

Na kwa aliyejifunzia kazi mtaani bila kusoma popote, VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi. Unafanyiwa tathmini ya kazi yako, mapungufu yanajaziwa mafunzo mafupi, unapata cheti kinachotambulika. Mdogo wangu wa pikipiki alipitia huko akiwa na miaka 31.

Yule binti wa Uyui hakwenda Kidato cha Tano, ingawa jina lake lilitoka kwenye orodha ya waliochaguliwa. Februari hadi Agosti alikaa kwa shangazi yake Ng'ambo, akimsaidia fundi umeme mmoja mwanamke, na baba yake akauza tumbaku akiwa anajua fedha ile inaenda wapi. Aliomba astashahada ya uhandisi umeme vyuo vitatu, kimoja kikampokea. Mwezi Agosti alinijia na bahasha. Viganja vyake vilikuwa vimekomaa kwa kazi. Alitaka nimwangalie kama jina kwenye cheti cha kuzaliwa linalingana na la cheti cha Kidato cha Nne, maana stashahada ataifikia baada ya miaka miwili na hataki RITA imcheleweshe. Tulikuta herufi moja imezidi. Tuliandika barua siku hiyohiyo.